Herufi za Mama Mkwe

Skrini ya zamani ya mama mkwe ilifia kazini. Alikuwa katikati ya sentensi, ukurasa wa mwisho wa mchezo wake wa redio, mara kioo kikatoa mstari mmoja mweupe, kikanuka plastiki iliyoungua, kikazima. Mama akakaa akikisubiri kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kupiga chafya. Hakikurudi.

Watoto wakachanga, na kesho yake ikaletwa skrini mpya, bapa, pana kama mlango wa kabati. Ilijaza meza yote, kikombe cha chai na glasi zote vikahamia dirishani. Kompyuta ikawashwa, herufi zikatokea: nyeupe, safi, na ndogo kama chawa wachanga. Mama akavaa miwani. Akavaa nyingine juu ya ile ya kwanza. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Naona kuna kitu kinatembea," alisema.

Kompyuta yenyewe haikuwa kama za watu wengine. Haikuwa na picha, wala vidirisha vya kufungua na kufunga, wala kipanya. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi, basi. Mwanawe wa kiume ndiye aliyeitengeneza hivyo kabla ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, tena kwa ombi la mama mwenyewe. Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu, na alichokitaka uzeeni ni mahali pa kuandikia ambapo hakuna kinachomrukiarukia usoni. Akiandika "peleka", mchezo unakwenda redioni. Akiandika "lala", kompyuta inazimika. Mengine hakuwa na haja nayo.

Sasa redio walikuwa wanausubiri mchezo huo alasiri ile ile, waigizaji wameshaitwa. Yule wa ng'ambo simu yake haipatikani. Alikuwa angani, ndani ya ndege. Ndipo familia ikamkumbuka mkwe.

Mkwe huyu ukweni walimwita Mtaalamu. Jina alilipata siku alipotambulishwa. Mjomba wake, aliyekwenda kumsemea, aliulizwa kijana anafanya kazi gani, akajibu kwamba ni mtaalamu wa kompyuta, halafu maneno yakamkolea, akaongeza, "Na hakuna asichokijua." Ukweli ni kwamba alitunza kompyuta za chuo cha ualimu. Alibadilisha wino wa printa, aliua virusi, aliwaambia wakufunzi wazime halafu wawashe tena. Ilikuwa kazi nzuri na aliimudu. Lakini yote aliifanya kwa kipanya. Kompyuta isiyo na kipanya hakuwahi kuigusa, na hakuwahi kupata nafasi ya kulisema hilo mbele ya wakwe.

"Shikamoo, mama," alisema alipoingia, begi la vifaa begani.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Utakula tena. Kwanza nitazamie huyu mgeni wangu, mkubwa kama ng'ombe lakini sauti kama ya sisimizi."

Mtaalamu akakaa. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ukaanza kupapasa meza ukitafuta kipanya. Ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukafika ukingoni.

"Unatafuta nini?"

"Hapana, mama. Naipima meza."

Mama akatikisa kichwa kwa heshima. Hakujua kwamba meza nayo hupimwa.

Mtaalamu akatoa simu, akaigeuza kidogo ili mama asione, akauliza mtandaoni. Mtu fulani, asiyemjua wala hatamjua, alikuwa ameandika kwamba kuna faili moja ndani yake mna mstari mmoja wenye namba mbili, upana na urefu wa picha ya skrini. Namba zikiwa kubwa, kila kitu kinakuwa kidogo. Namba zikiwa ndogo, kila kitu kinakuwa kikubwa. Mtaalamu akafurahi. Hilo hata mtoto angelielewa. Akalifungua lile faili, akipiga herufi moja moja kwa vidole viwili, akafuta namba zilizokuwepo na kuweka ndogo kuliko zote alizoziona kwenye simu.

"Una hakika?" mama aliuliza.

Akajibu kwa neno lililowahi kuwaponza mafundi wengi. "Kabisa."

Akaizima kompyuta, akaiwasha. Skrini mpya ikawaka bluu. Katikati ya kioo kikaelea kisanduku kidogo kilichosema kwamba kipimo hicho hakionyesheki hapa. Kisha nacho kikajiendea. Likabaki giza, na ndani ya giza hilo nyuso zao wawili.

"Imelala?" mama aliuliza.

"Inafikiri, mama."

Wakaiacha ifikiri. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, akaenda, mpaka sauti ya magurudumu ikaisha kabisa.

"Mahakamani nimewaona wengi wakifikiri hivi," mama alisema. "Mara nyingi walikuwa na hatia."

Mtaalamu akaeleza. Kompyuta ni nzima na iko macho, ila skrini imekataa kuonyesha. Dawa ni kurudi kwenye lile faili na kurudisha namba za zamani, na kwa kuwa hawaoni kitu, itabidi waandike gizani. Akajaribu mwenyewe. Kwa vidole vyake viwili hata mchana kweupe alikosea. Sasa hakujua hata alipokosea. Kompyuta ikamlilia tii. Akajaribu tena. Tii. Akafuta alichodhani amekiandika. Tii, tii, tii.

"Mwanangu, inuka hapo," mama alisema. "Mimi nimeandika maisha yangu yote bila kutazama mashine. Nilikuwa nawatazama washtakiwa. Wewe sema, mimi niandike."

Akakaa, akanyoosha mgongo, akaweka vidole kumi juu ya kibodi kama mtu anayewawekea watoto mkono kichwani. Kitu cha kwanza kilichotakiwa ni jina lake na neno lake la siri.

"Geukia ukutani," alimwambia mkwe.

"Lakini mama, hakuna kinachoonekana."

"Siri ni siri. Geuka."

Mtu mzima mwenye cheti akageukia ukuta, akaitazama saa ya mshale na mjusi aliyekuwa pembeni yake. Nyuma yake vidole vikanyesha kama mvua juu ya kibodi.

"Tayari. Sema."

Sasa ikaja shida ambayo mtu wa mtandaoni hakuitaja popote. Kompyuta inataka amri, na mkwe hamwamrishi mama wa mkewe. Neno "andika" peke yake, kavu, halikutoka mdomoni.

"Naomba, mama, kama hutojali, uandike sudo."

Vidole vikaenda. Vilienda muda mrefu kwa neno la herufi nne, na Mtaalamu aliliona hilo, lakini akadhani ndivyo wapiga chapa wa zamani wanavyopasha mikono moto.

"Sudo ni nani?"

"Ni neno la kuomba ruhusa kwa mkubwa wa kompyuta."

"Na mkubwa wake ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Kwa hiyo najiomba ruhusa mwenyewe?"

"Ndivyo walivyoipanga."

"Haya, nimejiruhusu. Endelea."

"Halafu nafasi, halafu nano."

"Sudo na nani?"

"Nano, mama."

"Nane?"

"Samahani, mama. Nano. Ni jina la kitu cha kuandikia. N, a, n, o."

"Sasa si ungesema tangu mwanzo," alisema mama, na vidole vikaenda tena, taratibu, bila kuacha kitu. Kila Mtaalamu aliposhusha pumzi, mama alibonyeza enta kwa kidole kidogo, kwa maringo, kama anayefunga kesi.

Waliendelea hivyo kwa kitambo. Alitaja jina la faili, akaomba radhi, akalitaja tena. Alisema "ngoja kwanza", akasema "hapana, hiyo tuifute", akasema "mama, hujachoka?" Akasema "sasa tunaizima na kuiwasha." Kompyuta haikuzima. Haikuwaka. Ilinguruma pale pale chini ya meza, shwari kabisa.

Mtaalamu akaomba ruhusa aende kunywa maji. Jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, akampigia mkewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva na wakati huo alikuwa kazini, ndani ya gari la mafunzo, pembeni ya mwanafunzi.

"Nimekwama," Mtaalamu alinong'ona. "Hii kompyuta haina hata kipanya. Sijui ninachokifanya, mke wangu. Nimemdanganya mama yako."

"Breki," mkewe alisema.

"Nini?"

"Si wewe. Mwambie hujui, basi."

"Nitamwambiaje? Amenikalia kama hakimu. Namwogopa kuliko mkuu wa chuo. Hebu piga simu hapa, sema nimeitwa kazini kwa dharura. Sema chuo kinaungua."

"Chuo hakiungui."

"Sema kinafuka moshi."

"Punguza mwendo, kona hiyo. Si wewe. Sikiliza, pale ofisini kwetu kuna skrini ndogo ya zamani, yenye kisogo. Hiyo inakubali chochote. Nakuja nayo."

Mtaalamu akarudi sebuleni, hajanywa maji. Mama alikuwa amekaa vile vile, mgongo wima, vidole juu ya kibodi.

"Maji matamu?" aliuliza.

"Matamu, mama."

Gari la mafunzo lilisikika kabla ya kuonekana. Lilipiga honi, likazimika, likapiga honi tena. Aliyeshika usukani alikuwa bwana mmoja wa makamo, muuza magodoro, aliyevaa tai kwa ajili ya somo. Sauti ya mwalimu wake ilifika mpaka ndani. "Breki. Breki. Hiyo ni honi. Breki iko mguuni. Hapo hapo." Likasimama nusu ndani ya geti, nusu barabarani. Kwenye kiti cha nyuma, imefungwa mkanda, ilikuwa imekaa skrini yenye kisogo.

Mke akaingia ameikumbatia, akamsalimu mama yake juu ya kioo, akaiweka kwenye kiti kwa kuwa mezani hapakuwa na nafasi. Muuza magodoro akafuata nyuma, akasimama mlangoni akijipepea kwa tai. Mtaalamu akahamisha waya. Hilo alilijua, na mikono yake ikarudiwa na heshima kidogo.

Skrini ikawaka. Zile namba ndogo alizoziweka zilikuwa ndizo saizi yake hasa, na maandishi yakajaa kioo kizima, makubwa, meupe, yakisomeka hata kutoka mlangoni. Mke ndiye aliyeanza kuyasoma, kwa sauti.

"'Naomba mama kama hutojali uandike sudo.' Hapa chini kompyuta inasema haijui amri inayoitwa 'naomba'." Akakunja uso. "'Samahani mama nano ni jina la kitu cha kuandikia.' Haijui amri inayoitwa 'samahani'. 'Mama hujachoka.' Haijui amri inayoitwa 'mama'."

Muuza magodoro akakohoa. Mke akaendelea, sasa polepole.

"'Mkwe anakwenda jikoni.' Haijui amri inayoitwa 'mkwe'. 'Nimekwama hii kompyuta haina hata kipanya. Sijui ninachokifanya mke wangu. Nimemdanganya mama yako.'"

"Inatosha," alisema Mtaalamu.

"'Nitamwambiaje? Amenikalia kama hakimu.' Haijui amri inayoitwa 'nitamwambiaje'. 'Namwogopa kuliko mkuu wa chuo.' 'Sema chuo kinaungua.' 'Sema kinafuka moshi.'" Akamgeukia mama yake. "Mama, na hii ya mwisho? 'Shahidi anarudi. Hajanywa maji.'"

"Glasi zote ziko hapa dirishani," mama alisema.

Mtaalamu alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ilikuwa sakafu ya saruji. Akatazama viatu vyake, akakitazama kioo, akakuta macho hayana pa kwenda.

"Mama," alisema, "uliyaandika yote?"

"Nimeandika nilichokisikia. Ndivyo nilivyofundishwa. Mahakamani hata mtu akikohoa tunaandika amekohoa. Ulisema wewe useme, mimi niandike."

"Ulisema wewe, mama."

"Basi tulikubaliana."

"Na hukusema chochote."

"Mpiga chapa hasemi, mwanangu. Akianza kusema, kesi haiishi."

Mke alikuwa ameweka kiganja mdomoni na mabega yalikuwa yanamtikisika. Muuza magodoro, mtu mstaarabu, alijifanya anakagua fremu ya mlango. Mtaalamu akavuta pumzi.

"Mama, mimi kompyuta ya namna hii siijui," alisema. "Za chuoni nazijua vizuri. Hii siijui."

"Hilo nimeshalisoma. Tena niliyeliandika ni mimi." Mama akavua miwani ya juu, akabaki na ya chini. "Na mimi niliposikia mkwe wetu hakuna asichokijua, nilijua tumeongopewa, kwa sababu mjomba wako alikuwa anakula huku anasema. Lakini niliona aibu kuuliza. Sasa redio wanangoja. Vuta kiti, tusome."

Wakasoma. Kompyuta ile ilikuwa na maelezo yake mwenyewe ndani, kurasa na kurasa, yaliyoandikwa kwa Kiingereza kikavu kama cha hati ya mahakama, na mama hati za mahakama alizizoea. Alisoma akiwa amekunja paji, akiruka palipo na maneno ya kifundi. Palipo na maneno ya kifundi, Mtaalamu alidaka na kumweleza. Mara mbili alikosea na kusema amekosea, na hakuna aliyekufa. Mke akaenda kutenga chakula, akipita na kurudi, kila akipita anasema "kinafuka moshi" kwa sauti ya chini na kuondoka.

Kisha Mtaalamu akapiga paja.

"Mama, tazama hapa. Ukubwa wa picha ni jambo lake, na ukubwa wa herufi ni jambo lake. Skrini hii mpya tungeiacha na namba zake ilizozaliwa nazo. Cha kubadilisha ni herufi tu. Zimo humu ndani za kila saizi, mtu anachagua."

"Sijakupata."

"Ni kama mtu anayeona maandishi ya gazeti ni madogo, badala ya kutafuta lenye maandishi makubwa, anachukua mkasi anakata gazeti."

"Kumbe ulikuwa unakata gazeti langu."

"Nilikuwa nalikata, mama."

"Haya. Lete hayo makubwa."

Mtaalamu akakaa kwenye kibodi yeye mwenyewe, anaona anachokiandika, akarudisha namba za zamani zilivyokuwa. Mama akamwambia aseme kwa sauti kila anachokifanya, naye akasema, na safari hii hakumwomba mtu radhi. Wakahamisha waya, wakairudisha skrini pana, wakaiwasha. Chawa wakarudi, wadogo vile vile, lakini walirudi. Akachagua herufi. Za kwanza zilitokea kubwa kiasi kwamba jina la mchezo halikuenea kwenye mstari, na muuza magodoro akasema pale mlangoni kwamba hizo zingefaa kwa bango la dukani kwake. Za pili zilikuwa kama punje za maharage, nene, zimekaa kwa nafasi.

Mama akavua miwani iliyobaki. Akasogea nyuma na kiti. Akasogea tena, mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Namuona hata koma," alisema.

Mke akambusu mama yake, akachukua ile skrini yenye kisogo, akamwambia mwanafunzi wake kwamba sasa watajifunza kurudi nyuma. Wakaondoka kwa honi.

Mama akageukia ukurasa wake wa mwisho, akaandika. Mtaalamu akataka kuaga, akaambiwa akae. Mara vidole vikasita.

"Hapa kuna mlevi," mama alisema, bila kutoa macho kwenye kioo. "Amekuja kugonga mlango wa mwajiri wake aliyemfukuza. Nikimwandika kimoyomoyo anasikika kama mwanasheria. Nisomee."

"Mimi, mama?"

"Yuko nani mwingine? Anzia hapo, 'Fungua'."

Mtaalamu akasoma. "Fungua. Nimekuja tuzungumze."

"Hivyo ndivyo unavyosoma risiti. Huyu amelewa, ana hasira, na ana haki. Toa sauti."

Akatoa sauti kidogo.

"Mwanangu, leo umeshasema kuhusu mimi kila ulichonacho. Unaona haya ya nini tena? Toa sauti!"

Mtaalamu akasimama. Akalegeza magoti, akashika ukingo wa meza, akayumba, akafumba jicho moja. "Fungua!" alinguruma. "Fungua mlango wewe! Nimekutumikia mimi! Unajifanya hunijui?" Akapiga meza ngumi, skrini ikatikisika, mama akaikamata kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. "Tena," alisema mama, "hapo kwenye 'nimekutumikia', vuta." Akavuta. Aliivuta mpaka dirishani kikombe kikalia.

Upande wa pili wa uzio jirani aliacha kufagia. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshika ufagio kwa mikono miwili, kama wako salama humo ndani.

"Tuko salama!" mama alimjibu dirishani. "Ni mkwe wangu, namfundisha kulewa!"

Kisha ufagio ukaendelea, taratibu kuliko kwanza. Mama akaongeza mstari mmoja, akausoma, akafuta neno, akaandika "peleka". Halafu akamwambia Mtaalamu akanawe, chakula kinapoa.